Mwanafunzi na Ngamia Wake wa Ukutani

Alizaliwa wapi na kwa nani, sitasema. Kwetu Garissa ukianza habari za mtu na ukoo wake, chai hupoa, wasikilizaji huondoka mmoja mmoja, nawe bado uko kwa babu wa saba. Mimi nitaanza na ukuta. Mimi na yeye tulitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali kwa miaka tisa, na ukuta huo ulikuwa na tundu la kupitishia waya wa stima, kwa sababu umeme wa upande wake ulikuwa na mazoea ya kukatika, na wa upande wangu ulikuwa na mazoea ya kuwaka hata nisipouhitaji. Kupitia tundu hilo nilimjua kuliko ninavyomjua mume wangu, ambaye hupitia mlangoni.

Mtaa mzima tulimwita Mwanafunzi. Halikuwa jina la heshima. Mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mjane, mwenye mabinti wawili wa sekondari, anayetoka asubuhi na begi mgongoni sambamba nao, utamwitaje? Alikuwa akisoma shahada ya pili, ile ambayo watu huita masta, katika sanaa ya kidijitali. Nilipomuuliza hiyo ni kitu gani, alinieleza nusu saa nzima, nami nikatikisa kichwa nusu saa nzima, maana nilifika kidato cha nne na kutikisa kichwa ndiko nilikofaulu. Nilichoshika ni hiki: kuna picha unayoitazama wewe, na kuna picha inayokungoja ufanye jambo. Ukiigusa, ukiisemesha, ukipita mbele yake, inajibu. Yeye alitengeneza za namna hiyo.

"Picha isiyojibu ni kaburi, abaayo," aliniambia. Abaayo kwetu ni dada, na yeye aliniita hivyo hata siku alizokuwa amenikasirikia, kwa hiyo ilibidi nisikilize sauti nijue siku ni ipi.

Masomo yenyewe yalikuwa ya miaka miwili. Nilipoanza kumhesabia alikuwa katika mwaka wa nne, na nilipoacha alikuwa wa saba. Kwanza alifiwa na mumewe, kisha kompyuta ikafa, kisha msimamizi wake akahamia chuo kingine, kisha ukame. Wanawake wa mtaa walimuuliza kila wakikutana bombani atavaa joho lini. Yeye alijibu neno moja: "Inapakia." Alilitumia neno hilo kwa kila kitu. Wali ukichelewa kuiva, unapakia. Mawingu yakijikusanya upande wa mto na kutawanyika bila tone, yalikuwa yanapakia. Binti yake mkubwa akasema siku moja kwamba mama yake ndiye kitu pekee nchini ambacho mtandao wake hauna matumaini. Mwanafunzi alicheka mpaka akakaa chini.

Alikuwa na tabia nyingi zisizopatana. Alitaka watu wote waguse kazi zake, lakini ukinyoosha kidole kwenye kompyuta yake alikipiga kama unavyompiga nzi. Alipiga picha kila kinachopumua, na yeye mwenyewe sina picha yake hata moja, kwa sababu simu ikiinuliwa alivuta mtandio usoni. Alitengeneza ngamia wanaotembea ukutani, lakini alimwogopa ngamia wa kweli hata akiwa amepiga magoti na kufungwa. Maziwa yake alikunywa kwa sukari, vijiko vitatu, akigeuka ili wazee wasimwone.

Joto letu mnalijua. Kompyuta yake ilizimika yenyewe kila ikifika saa sita mchana, naye akavumbua dawa: beseni, maji kidogo, gunia bichi juu ya beseni, na kompyuta juu ya gunia kwenye vijiti viwili. Wataalamu wa chuo walipoona mtambo huo walitaka kulia. Uliishi miaka mitano.

Kazi ile kubwa, ya kumalizia masomo, nilikuwa mtu wa kwanza kuijaribu. Nadhani alinichagua kwa sababu nilikuwa sitoki nyumbani. Safari yangu ndefu ya kila siku ni kutoka kwenye kaango la anjera, mikate yetu ya maji, hadi langoni, na kurudi nikiwa nimechoka. Alining'iniza shuka jeupe kwenye ukuta wangu, akawasha projekta, nikaona jangwa la vumbi jekundu na hakuna kitu ndani yake. Akaweka maikrofoni kwenye kigoda.

"Mwite," akasema.

"Nani?"

"Ngamia. Yupo huko nyuma ya vumbi. Akisikia sauti ya mtu anayemwita kwa haki, atakuja."

Nikaita. Mimi mtoto wa mjini, niliyefundishwa kuita teksi na kuku. Vumbi likabaki vumbi. Nikaita tena, kwa ukali. Hakuja. Wakati huo huo akapita nje muuza maji na mkokoteni wa punda, akapiga ukelele wake wa kila siku, na pale pale kichwa cha ngamia kikatokea katikati ya shuka, kikakua, kikaja na shingo, na kifua, na miguu mirefu, mpaka akasimama mbele ya kigoda changu akitafuna kana kwamba tulikuwa na miadi. Nikapiga hatua tatu nyuma. Mwanafunzi akamtoa muuza maji barabarani akamwomba aite mara kumi zaidi ili mtambo ujifunze. Yule bwana akaita, akalipwa chai, na kwa mwezi mzima akasimulia sokoni kwamba anafundisha chuo kikuu.

Kwa muda wa miaka mitatu alipanda malori ya mifugo akaenda Sangailu, akaenda mpaka karibu na Liboi kule mpakani, akapiga picha za ngamia na kurekodi wachungaji wakiwaita kisimani. Kila ngamia alikuwa na sauti yake na mwito wake. Alirudi midomo imepasuka, amebeba kadi ndogo za kumbukumbu ndani ya pakiti ya chumvi. Halafu ukaja ule ukame. Alirudi safari moja, na kwa siku tatu hakugusa nyama. Nikadhani ni malaria, nikampelekea uji kupitia mlango wake uliokuwa wazi.

Alikuwa ameinama mbele ya kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na ngozi ya ngamia iliyokauka juu ya mbavu, na shingoni mwake alama ya moto, wazi kama mhuri wa posta. Yeyote aliyezaliwa pande zetu anajua maana ya alama ile. Mnyama mwenye alama ana mwenyewe. Ukimkuta amepotea, unamshika, unatangaza, unamnywesha maji kama wako hata mwenyewe atokee. Na ukimkuta amekufa, unapeleka habari, ili mtu asiendelee kutafuta mifupa. Hili haliandikwi popote, na hakuna mtoto asiyelijua, hata sisi wa kaango.

Nikamuuliza ni wa nani.

"Sijui. Ninao wengi," akasema. "Hii ni kumbukumbu, abaayo. Nikimaliza kazi, nitazipeleka."

Nikaweka uji mezani nikarudi zangu. Msidhani nilimkaripia. Nilifikiri kwamba aliyesoma anajua zaidi, na kwamba unga wangu ulikuwa unafurika. Nayasema haya kwa sababu nina mazoea ya kumcheka, na mahali pale sikuwa na haki ya kucheka.

Mwaka wa saba chuo kilimwandikia barua. Aliniletea niisome, ingawa Kiingereza chake kilikuwa bora kuliko changu. Nadhani alitaka mtu wa pili awe ameiona. Ilisema muda hautaongezwa tena. Kungekuwa na onyesho la wanafunzi watano wa masta katika ukumbi wa chuo, siku moja, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Kila kazi lazima ijibu watu wa kawaida kutoka nje ya chuo muda wote huo bila kuzimwa, mbele ya mtahini kutoka Nairobi. Isipotimiza, mwanafunzi anaondolewa kwenye orodha na miaka yake inakwenda naye.

Hofu yake haikuwa mtambo. Hofu yake ilikuwa watu. Onyesho la mwaka uliotangulia lilihudhuriwa na askari wa lango, na kazi mojawapo ilimjibu mbuzi. Mtahini aliandika kwamba mbuzi si umma.

"Nani atakuja, abaayo?" aliniuliza. Kwa mara ya kwanza hakusema inapakia. "Nani hapa atatoka nyumbani kwake aende kuongea na ukuta?"

Nikamwambia atangaze kwa lugha wanayoielewa. Ushauri ulikuwa wangu, naukiri. Akachukua simu, akarekodi ujumbe wa sauti kwa Kisomali safi. Alisema kuna ngamia katika ukumbi wa chuo, Alhamisi, saa nane. Anayemjua mnyama wake aje amwite, naye atamwitikia. Akaambatanisha picha tano, akachagua zile ambazo alama zinaonekana vizuri kwa sababu zilikuwa nzuri zaidi machoni. Akautuma kwenye makundi ya simu ya wafugaji. Kutoka huko ukaruka wenyewe hadi redioni, nao wakausoma katika kipindi cha matangazo ya mifugo iliyopotea.

Sote wawili tulisikia redio ile, yeye upande wake, mimi upande wangu. Alinigongea ukuta kwa furaha. Niaminini, hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini waliusoma katika kipindi hicho.

Alhamisi nilivaa dirac, gauni langu jepesi la harusi za watu, nikaenda. Ukumbi ulikuwa na giza na viyoyozi, na hilo pekee lilitosha kuleta watu. Wanafunzi wengine walikuwa wadogo wa kuzaliwa naye. Kulikuwa na kijana wa Rhamu aliyetandaza mto Daua sakafuni kwa taa. Ukiukanyaga, maji yanakukimbia, na kadiri mnavyokuwa wengi ndivyo mto unavyobaki mchanga. Watu waliruka humo wakicheka, naye alisimama pembeni uso umemkauka, maana, aliniambia, hakuitengeneza ichekwe. Mwanafunzi alikuwa amejenga herio, ile nyumba ya fito na mikeka ambayo watu wakihama ngamia huibeba mgongoni. Unaingia, unakaa, mbele yako vumbi jekundu, unaita.

Walikuja. Kufikia saa tisa mlango ulikuwa umeziba. Mtahini, profesa mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, alikuwa anaandika bila kuinua mkono. Wafugaji waliingia wawili wawili, wakaita, ngamia wakaja, wakacheka, wakabishana juu ya nundu na kwato. Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya nyuma karibu na beseni na gunia, kazi yangu kulowesha gunia. Mwanafunzi aliniangalia mara moja, na uso wake ulikuwa kama wa msichana.

Saa kumi na nusu akaingia mzee kutoka Sangailu. Alikuwa na ndevu zilizopakwa hina, na kamba mpya ya kuongozea ngamia ameizungusha begani. Nyuma yake alikuja mtu mzima mwenzake. Nilipomwona huyo wa pili, niliacha kulowesha gunia. Mtu hatembei na shahidi kwenda kutazama picha.

Mzee hakukaa. Alisimama mlangoni mwa herio akamgeukia profesa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kalamu.

"Mimi natoka Sangailu. Redio nasema ngamia iko hapa," akasema kwa Kiswahili. "Kabla sijaona, nataja alama. Shingo, mkono ya kushoto, fimbo mbili na nukta. Sikio ya kulia imekatwa mbele. Andika."

Profesa akaandika. Alidhani ni sehemu ya mchezo, na macho yake yaling'aa. "Karibu mzee," akasema. "Mwite."

Mzee akaita. Sijui kuiandika sauti ile. Ilianzia chini kooni, ikapanda, ikakatika, kisha likafuata jina, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Mvua ya Alasiri. Vumbi lilitikisika mara moja tu. Akatokea jike mwekundu, anakuja moja kwa moja, haraka kuliko wote waliotangulia, akasimama, akageuza shingo kushoto. Fimbo mbili na nukta.

"Umekonda, mama," mzee akamwambia ngamia, kwa Kisomali, taratibu.

Yeye akafungua kamba, akasogea, akaweka mkono kwenye ukuta wa mkeka. Akaupapasa. Akatoka nje ya herio, akazunguka nyuma yake pamoja na shahidi wake, tukawasikia wakisogeza nyaya kwa fimbo. Watu wa mjini wakaanza kucheka, na mmoja akapiga makofi, na profesa naye akapiga makofi. Mzee akarudi mbele.

"Nimezunguka," akasema. "Nyuma hakuna. Nani anaweka ngamia yangu, na iko wabi?"

Mwanafunzi alikuwa amesimama karibu yangu. Nilimshika mtandio. Nilimnong'oneza kwamba imebaki saa moja na nusu tu, kwamba mzee akae, apewe chai, aambiwe yote baada ya saa kumi na mbili, kwamba miaka saba haimwagwi kwa ajili ya saa moja na nusu. Nilisema vizuri sana. Katika maisha yangu yote sijawahi kupanga hoja vizuri namna ile. Yeye alikuwa akimtazama mzee, ambaye tayari alikuwa amegeukia ukuta na kuvuta pumzi aite tena.

Akachomoa waya.

Giza likajaa herio. Akaenda akasimama mbele ya mzee, na aliyoyasema aliyasema kwanza kwa Kisomali, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mtahini asikie.

"Awowe, amekufa. Mimi ndiye niliyemkuta, mwaka juzi, wakati wa ukame. Picha hii nilimpiga kabla ya hapo, akiwa hai."

Awowe ni babu. Mzee hakumwitikia kama mjukuu. Akamuuliza kama aliiona alama.

"Niliiona."

"Na unajua iko na mwenyewe."

"Nilijua."

"Na unanyamaza."

"Nilinyamaza."

Mzee akaikunja kamba, pete juu ya pete, bila haraka. "Miaka mbili natafuta," akasema. "Nafika Liboi, nafika mbaka. Miaka mbili nakunywa maji ya watu."

Ingekuwa heri angempiga.

Profesa akaja mbio akamwambia Mwanafunzi arudishe waya upesi; kwamba kwa miaka yote aliyotahini hakuwahi kuona kazi ikigusa mtu hivyo; kwamba atahesabu dakika zile kama hitilafu ya umeme, na kila mtu angekubali, maana hapa ni Garissa. Mwanafunzi akamshukuru. Akasema si umeme. Profesa akashusha sauti, akamsihi kama mama. Kijana wa Rhamu akaiokota plagi akaikaribisha kwenye soketi, na Mwanafunzi akamtazama tu, naye akaiweka chini.

Akakaa na mzee chini nje ya ukumbi hadi jua likazama, akamchorea nyuma ya karatasi ya onyesho mahali mifupa ilipo: kisima, mti wa mgunga, njia ya lori. Mzee aliuliza kama fisi walikuwa wamefika. Akamwambia walikuwa wamefika. Mzee akaikunja karatasi, akaondoka na shahidi wake na kamba yake.

Ndani mto wa Daua uliendelea kukimbia miguu ya watu hadi saa kumi na mbili kamili, na kijana yule akapasi. Kwenye kazi ya Mwanafunzi waliandika: haikukamilika. Barua ya kumwondoa ilifika kabla ya mwezi kuandama.

Mtaa ulimsema, na mimi niliongoza. Nilimwambia kupitia tundu kwamba yeye ni mjinga aliyesoma, ambaye ni mjinga ghali. Nilimwambia mzee alikuwa amekwisha kupoteza ngamia na kwamba kumwambia jioni kusingemrudishia. Siku ya tatu aliuvuta waya wake upande wake, tundu likabaki na mwanga. Baadaye akafunga nyumba, mabinti wakapelekwa kwa mama yake mdogo Wajir, na hatukumwona kwa miezi minane. Wengine walisema amekwenda Nairobi kubembeleza chuo. Wengine walisema ameolewa Mandera. Mimi nilipika anjera na kujiambia simkumbuki.

Alirudi asubuhi moja nikiwa bado na unga mikononi. Sikumtambua kwanza. Amekauka, amekuwa mweusi, viatu vyake vimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Nikamkalisha kwenye mkeka jikoni, nikammiminia chai, na tukamaliza salamu zote mpaka za mbuzi.

Akanieleza alikokuwa. Katika kadi zake alikuwa na mizoga thelathini na mmoja yenye alama. Alikuwa anakwenda kwa kila mwenyewe. Alama inakupeleka kwenye ukoo, ukoo unakupeleka kwenye boma, bomani unauliza nani alipoteza. Amefika kwa ishirini na wawili. Wengi walimshukuru na kumchinjia kama walikuwa na cha kuchinja. Mmoja alimpiga fimbo begani, akanionyesha. Mmoja alimfukuza na kumwita bundi.

"Hao ni rahisi," akasema. "Kuna bibi mmoja. Alikuwa na ngamia mmoja tu aliyebaki, aliyepotea. Kila asubuhi alikuwa akitoka nje anatazama upande ule. Nilipomwambia akaniuliza nimelipwa na nani. Nikasema hakuna. Akasema, basi ungeninyamazia. Wiki mbili baadaye nikasikia amelala na hajaamka."

Nikamwambia kila mtu na siku yake, na kwamba Mungu ndiye anayejua. Ndivyo tunavyosema. Alizungusha kikombe.

"Kaka yako hajambo?" akauliza.

Kaka yangu huchunga upande wa Wajir. Sisi watu wa mjini tunafuga kwa simu. Nina ngamia wangu jike, nilipewa siku niliyozaliwa kama desturi, yeye na wanawe wako kwa kaka. Nikamwambia kaka hajambo, ananipigia kila Ijumaa. Wanyama wako mbali, kwenye majani. Nikasema anasema hivyo tangu mwaka juzi, wako mbali, na nikacheka, kwamba majani ya kaka yangu hayakaribii.

Yeye hakucheka.

"Abaayo," akasema, "ungekuwa wewe, ungetaka kujua?"

Nilikuwa nimegeukia kaango. Nikajibu haraka, kwa mzaha, kama ninavyojibu kila kitu: mimi nisingetaka, mimi ni mtu wa nyumbani, kinachotokea porini kikae porini.

"Sawa," akasema.

Nikasikia akiilaza simu yake juu ya mkeka, kioo chini. Akainua kikombe akanywa polepole mpaka mwisho, akaomba kingine, akaniuliza bei ya unga, akasifu pazia. Mtu aliyetembea miezi minane kwenda kuwaambia watu, aliyemwaga miaka saba kwa sababu hakuweza kumnyamazia mzee asiyemjua, alikuwa amekaa jikoni mwangu anasifu pazia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuja kunisalimia.

Anjera ikaungua. Niliiacha iungue. Nilijifuta mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja, nikakaa mkabala naye.

"Alama iko wapi?" nikamuuliza. "Shingoni au pajani?"

"Pajani," akasema. "Kulia."

Wetu hupigwa pajani, kulia. Nikanyoosha mkono, akanipa simu.